Mlango wa Rimma Pavlovna

Mkurugenzi Genrikh Lvovich aliposikia kwamba Mwingereza anakuja Alhamisi, jambo la kwanza aliloagiza ni rangi. Korido ikapakwa, ngazi zikapakwa, hata nyasi za uani zikapuliziwa kijani, kama zamani alipokuja jenerali. Mafundi wakafika na ndoo zao kwenye chumba cha vali. Hapo wakamkuta Rimma Pavlovna mlangoni, mikono kiunoni.

"Humu rangi haiingii."

"Mama, ni amri ya mkurugenzi."

"Basi mkurugenzi aje apake mwenyewe, nimwone."

Huo ulikuwa mwaka wa thelathini na moja tangu Rimma aanze kuunda vali, vile vijichupa vya kioo vilivyonyonywa hewa, vilivyotiwa katika redio za vifaru na ndege za vita. Ni kazi ya lenzi na koleo ndogo, na nyuzi nyembamba kuliko unywele. Harufu ya rangi ikikigusa kile kiini kinachowaka ndani, vali huzaliwa mgonjwa. Ndiyo maana wanawake wa chumba kile hawakujipaka poda wala manukato, hata siku wanayotoka kazini kwenda harusini.

Sasa jeshi halikuagiza tena. Wanawake mia mbili walikuwa wamebaki kumi na mmoja, na oda isipopatikana kabla ya theluji, chumba kingefungwa. Mwingereza huyo aliunda mashine za kukuza sauti ya gitaa, na kwao vali zilikuwa hazitengenezwi tena. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo kila mtu alivyomngoja.

Alhamisi akafika Bwana Whitcombe, mrefu, meno yote nje kwa tabasamu, sanduku la mashine yake mkononi na gitaa begani. Pembeni yake alikuwa Lyusya, mwalimu wa Kiingereza aliyeletwa kufasiri. Whitcombe akachungulia kupitia dirisha la kioo, akawatabasamia wanawake. Wakamtazama kama mtu anavyotazama saa ya ukutani, kisha wakarudi kwenye lenzi zao. Akatoa daftari, akaandika.

"Kaandika nini?" Genrikh Lvovich akanong'ona.

Lyusya akaibia jicho. "Kwamba Warusi ni watu wagumu. Nyuso zao zimefungwa kama maghala."

Walipofika mlangoni, Whitcombe akanyoosha mkono. Rimma hakuupokea. Alinusa.

"Anauliza mbona humpi mkono," Lyusya akasema.

"Mkono haupitishwi juu ya kizingiti, tutakuja kugombana. Halafu ananuka."

"Rimma Pavlovna!" mkurugenzi akapaliwa.

"Ananuka vizuri, sikatai. Kama bibi harusi. Aende akaoge."

Uso wa mkurugenzi ukawa mweupe kuliko korido yake. Lyusya akafasiri polepole, akijaribu kuyavika maneno nguo nzuri, lakini yapo maneno yasiyovishika.

Rimma alisimama palepale. Alijua huenda amewafungia mlango wenzake wote, na Taisiya miongoni mwao, mwenye wajukuu wawili wa kulisha. Lakini trei ya vali za siku ile ilikuwa juu ya meza, vali zenyewe bado wazi, na ndiyo hiyo mgeni aliyokuja kuipima. Kumwingiza vile ni kuiharibu, naye angeondoka akisema vali zao mbovu.

Whitcombe akauliza jambo.

"Anasema, je, hata jenerali ungemwambia hivyo?"

"Mwambie jenerali alikaa kwenye benchi lile saa nzima. Alikuwa kavuta sigara."

Mwingereza akaliangalia benchi, akacheka, akauliza bafu liko wapi.

Alirudi ananuka sabuni ya kufulia. Mikono ya koti jeupe la kazi alilopewa ilimwishia viwikoni, na kichwani kafungwa kitambaa cha maua.

"Jamani wasichana," Taisiya akasema, "tumeletewa shangazi!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata Rimma ilibidi aondoe jicho kwenye lenzi.

Mgeni akakaa nyuma yake mpaka vali za trei ile zikafungwa, zikanyonywa hewa, zikapimwa. Kisha akachagua vali nne mwenyewe, akazipachika katika mashine yake, akaigonga kila moja kwa penseli. Vali mbovu hulia ikigongwa, hizi zilinyamaza. Akapiga uzi mmoja wa gitaa. Sauti ikatoka safi, ikakaa hewani.

"Anasema kwao walipoambiwa zamani kwamba ndege zenu za vita zinaruka na vali, walicheka," Lyusya akafasiri. "Walidhani mko nyuma."

"Wacheke tu," Rimma akajibu. "Usione vyaelea, vimeundwa."

Oda iliandikwa juu ya meza ileile, ya mwaka mzima, na masharti mawili ambayo Genrikh Lvovich aliyasoma mara mbili asiamini: kuta za chumba zisipakwe rangi, na mlango ubaki mikononi mwa mama huyu.

Kabla ya kuondoka, mlangoni, Whitcombe alifungua daftari pale alipoandika asubuhi, akauliza kama afute.

Rimma akafikiri kidogo. "Asifute. Aongeze tu kwamba alitukuta kazini."

Kisha akamshika mgeni kiwiko, akamvuta hatua moja ndani, mbali na kizingiti, ndipo akampa mkono.