Jina la Ishirini

Mimi Ambrosi, fundi viatu, ni mtu wa hasira, na mtaa mzima wa Mlandege unajua. Ukiniletea kiatu chenye tope nitakurudisha nacho nyumbani ukakioshe kwanza, hata uwe karani wa bwana shauri. Basi siku ile, mwaka hamsini na tatu, aliposimama mwanamke mlangoni kwangu na vumbi la njia nzima ya kutoka Mbeya miguuni, nilikwisha fungua kinywa nimfukuze. Akasema, "Shikamoo, shemeji. Mimi ni Chiku, mke wa Halfani." Nikafunga kinywa.

Halfani alikuwa Msangu, mimi Mhehe. Babu zetu walichinjana, wakachomeana vijiji, na walipochoka wakatuachia utani. Msangu akinikuta na kuku atamchukua, nami nikimkuta na blanketi nitalichukua, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Vitani tulikaa hivyo miaka miwili, mimi sajini, yeye mpigaji mzinga, huko kisiwani Selani, tukilinda bandari kwa mizinga ya kutungulia ndege.

Nikampa Chiku kigoda. Hakukikalia.

"Miaka tisa, shemeji," akasema. "Barua ya serikali inasema Halfani hakuonekana. Haisemi alikufa. Sasa kuna mtu ananitaka, Muharami, anauza nguo Makongolosi. Ni mtu mwema. Lakini anasema haoi mke wa mtu aliye hai. Shehe wetu pale Iyunga amesema nilete mtu mmoja tu aliyeiona maiti, hata akiwa Mkristo, maana Mkristo naye ana macho. Na mama mkwe anasema mwanawe yuko hai, kwa hiyo mimi nikae. Nina miaka thelathini na moja. Wewe ulikuwa naye. Alikufa au hakufa?"

"Alikufa," nikasema. "Nilimzika kwa mikono hii."

Akakaa chini palepale kwenye vipande vya ngozi, akalia sana. Kisha akajifuta kwa kanga, akauliza basi la Mbeya linaondoka saa ngapi. Nikamwambia nitakwenda naye.

Lakini kuna jambo sikumwambia, nalo ni hili.

Mwaka arobaini na nne Kapteni aliniita. Akasema ndege za Wajapani zimekwisha, hakuna cha kutungua tena, na askari wa miguu wanapukutika vitani Bama, ng'ambo ya bahari. Katika watu wangu arobaini anataka ishirini wakawe askari wa miguu. Nimpe majina kabla ya jioni.

Kumi na tisa niliwaandika kwa haki: wenye miguu mizima, wenye shabaha, wasio na homa. Likabaki moja. Na mchana uleule Halfani alikuwa amechukua koti langu la mvua, akalivaa gwarideni, akanipigia saluti huku ananisuta kwamba vifungo vyangu havijang'arishwa, kama vile yeye ndiye sajini na mimi kuruta. Watu walicheka. Kapteni naye akacheka. Nikasema moyoni, ngoja wewe. Nikaandika jina lake la ishirini, kwa penseli, nikaibandika orodha mlangoni mwa stoo ili kila mtu aisome.

Nilitaka nini? Nilitaka aje aniombe. Aje tu aseme, "Mhehe, leo umeniweza," nami nilifute. Raba nilikuwa nayo mfukoni. Alikuja, akaisoma, akacheka, kisha akasema kwa sauti ili nisikie, "Wahehe walishindwa kutumaliza kwa mkuki, sasa wanajaribu penseli." Watu wakanicheka mara ya pili. Halfani alijua ni utani. Alikuwa anangoja nilifute bila kuombwa, nami nilikuwa nangoja aombe, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushindwa.

Saa kumi na moja Kapteni akaibandua orodha akaenda nayo ofisini. Ningeweza kumfuata. Hazikufika hatua hamsini. Lakini Halfani alikuwa amekaa juu ya kasha la risasi ananitazama, koti langu mabegani, anatabasamu, na mimi sikuweza kunyanyuka mbele ya tabasamu lile. Asubuhi lori zikawachukua ishirini wote.

Mnaniona mtu mbaya. Haya, nioneni. Lakini wiki tano baadaye na sisi tuliobaki tulipelekwa vilevile, mizinga tukaiacha ikiota kutu, kwa hiyo angekwenda tu. Nimejiambia hivyo miaka yote na bado hainisaidii kitu. Nilimkuta Bama kando ya mto, amekufa tangu jana yake, kombora limemkata shingoni. Mtu wa mizinga ya ndege amezoea kusimama na kutazama juu. Kulala chini upesi walimfundisha siku nane tu, na siku nane hazimtoshi mtu yeyote. Tulimfukia watatu, bila kumwosha, bila sanda, na wale wenzangu wawili nao hawakuimaliza wiki, wala mimi sikumpa taarifa mkubwa yeyote. Koti langu nililivua mwilini mwake nikalivaa, kwa sababu mvua ilikuwa kubwa.

Basi tukafika Iyunga. Barazani walikuwa wamekaa Shehe Othmani, majirani kama kumi, na Muharami, mtu mnene mwenye kofia safi, ametoka Makongolosi tangu alfajiri. Mama mkwe, Bi Mwantumu, alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, macho makali. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza kama Wahehe bado wanakula mbwa. Nikamjibu kwamba tuliacha tulipoonja Wasangu. Watu wakacheka kidogo. Ndivyo watani wanavyosalimiana, hata penye msiba.

Shehe akaniapisha. Nikasema niliiona maiti ya Halfani na nikaizika. Nikataja mto, nikataja mti uliokuwa karibu, nikataja kichwa tulikielekeza wapi. Chiku alikuwa amesimama nyuma ya mlango, na kila nilipotaja jambo nilimsikia akivuta pumzi.

Bi Mwantumu akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu aliniandikia, 'Mama, lala usingizi, sisi wa mizinga ya ndege tunakaa nyuma, wanaokufa ni wa miguu.' Barua ninayo ndani. Sasa wewe unasema alikufa mbele. Nani alimtoa nyuma?"

"Kapteni, mama."

"Mzungu huyo alimjua mwanangu kwa jina?"

Nikaitazama kofia safi ya Muharami.

"Nakuuliza, baba. Nani alilitaja jina la Halfani?"

Nilichoka. Miaka tisa nimelibeba neno lile, na yule mama alikuwa amelifikia kwa maswali matatu. Nikasema, "Mimi, mama. Mimi ndiye niliyemwua. Nililiandika jina lake, na ulikuwa utani."

Halafu Bi Mwantumu akapiga paja, akaanza kucheka.

"Jamani, huyu ni Mhehe kweli," akasema. "Nimekaa hapa roho mkononi, kumbe mtani kaja kunichezea! Eti alimzika, eti yeye ndiye aliyemwua!"

Na kweli ndivyo tunavyofanya misibani. Mtani hulala kaburini akakataa kutoka, humsingizia marehemu, husema yeye ndiye aliyemwua na bado hajashiba, mpaka wafiwa wacheke. Kila mtu pale aliijua desturi. Kicheko kikaenea baraza zima, mtu mmoja akanigonga mgongoni, na Muharami mwenyewe akatabasamu kwa aibu. Shehe peke yake hakucheka.

"Ambrosi," akasema, "mimi nataka neno moja, nalo nitalipokea kama ulivyoapa. Ulimzika Halfani, au ni utani?"

Bi Mwantumu akaacha kucheka, akanitazama. Mimi nilikwisha sema kweli yote. Ilibaki kuirudia tu. Lakini nikiirudia, safari hii ataamini, na baada ya kuamini atanitazama kwa macho yaleyale mpaka nitoke pale. Msije mkasema nilimwonea huruma mzee wa watu. Sikumwonea huruma. Niliogopa.

"Ni utani, shehe," nikasema. "Halfani sijamwona tangu Selani."

Bi Mwantumu akapiga vigelegele. Akaagiza achinjwe jogoo kwa ajili ya mtani, nami nikaambiwa siruhusiwi kuondoka bila kula. Muharami akasimama, akatushika mkono mmoja mmoja, akamwambia Bi Mwantumu, "Hongera, mama, Mungu amrudishe salama," akaenda kutafuta lori la kumrudisha Makongolosi. Hakugeuka kutazama mlango.

Chiku ndiye aliyeleta chakula. Akapiga magoti kuninawisha. Maji yalikuwa ya moto kupita kiasi, na sikuuondoa mkono.

"Ulimzika?" akauliza chinichini.

"Nilimzika."

"Basi waambie. Shehe bado yupo, anatafuta viatu vyake. Waambie sasa hivi, shemeji. Mimi sitakuuliza uliandika nini."

Nilimsikia shehe akikung'uta kiatu ukutani. Nikachukua paja la jogoo nikaliuma, ili kinywa kiwe na kazi.

Bi Mwantumu akaita kutoka uani, sauti imejaa furaha. "Chiku, mwanangu, kesho ukachimbe chokaa ukapake chumba cha mumeo. Asije akakuta kuta zimekuwa nyeusi."

Chiku akaniangalia nikitafuna. Kisha akalichukua birika, akasimama, akasema, "Ndiyo, mama."