Lundo la Heshima

Mume wangu wanamwita Fundi Lundo, na jina hilo hakupewa bure. Akipata kazi tu, kwanza anajaza kiwanja: matofali yote, mchanga wote, hata mbao za paa na msingi bado haujachimbwa! "Lundo ndiyo heshima ya fundi," husema. "Wapita njia wajue kuna kazi."

Haya. Safari hii tulikuwa tunamjengea mama yake mzazi, na lundo akalimwaga palipotakiwa chumba cha kulala. Likahamishwa. Likaziba njia ya toroli, likahamishwa tena. Shemeji zangu wawili wanashinda wakibeba matofali yale yale, na ukuta uko magotini.

Mama mkwe akaja, akatazama, akaguna. "Mwanangu, Jumamosi kuta zisipofika juu ya madirisha, namwita fundi wa ng'ambo ya barabara."

Jamani! Fundi aliyeachishwa kazi na mama yake, nani mwingine atamwita? Kampuni yetu ndogo ingekufa pale pale.

Basi nikaweka koleo chini, maana mchanganyaji saruji ni mimi. "Baba watoto, nikipika, chumvi naiweka wapi?"

"Karibu na jiko."

"Na gunia zima la mchele, nalibandika jikoni pamoja na sufuria?"

Shemeji mdogo alicheka hadi akaangusha mwiko. Mume wangu akanuna, lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akakubali.

Lundo tukalihamishia nyuma ya uzio, mara ya mwisho. Kila asubuhi toroli likaleta matofali ya siku ile tu, yakapangwa mguuni pa ukuta unaojengwa. Hakuna kutafuta, hakuna kurukaruka vikwazo. Ukuta ukapanda, nami nikapiga vigelegele kama niko harusini. Hata mume wangu akaanza kuimba, na sauti hana, maskini.

Jumamosi fundi wa ng'ambo, aliyesikia habari, akajileta mwenyewe, futi shingoni. Akashangaa kiwanja kilivyo kitupu, kimefagiwa. Akapaza sauti: "Mama, mbona sioni lundo? Vijana wamekimbia kazi?"

Mama mkwe akachungulia kwenye nafasi ya dirisha, ukuta umempita kichwa. Akaupiga kofi la furaha.

"Lundo si hili hapa?" akasema. "Mimi nimo ndani yake."