Kichujio Chembamba

Kaaha alibonyeza kitufe cha kichujio chembamba, na redio ikanyamaza kabisa. Akafungua kifuniko. Pale kichujio kilipokaa, palikuwa patupu.

"Abti! Nani amegusa redio yangu?"

Mjomba wake, mzee Mowlid, alikuwa mkekani akitafuna mswaki. Kabla ya simu za mkononi aliendesha taar, redio ya wafugaji iliyopeleka habari za koo mpaka ng'ambo ya mpaka.

"Mimi," akajibu bila haya. "Kidude chako kinabana sauti. Watu wanaongea kama wamekabwa. Nikakichomoa."

"Kuna kitufe, abti! Unakizima, unasikiliza watu wako, basi!"

"Sisi redio tuliinyoosha kwa bisibisi."

Nje, Sugow alipiga honi. Lori lake lilibeba mashua ya uokoaji, naye alitaka kujua mafuriko ya Sangailu yamewakwamisha watu upande gani kabla hajashika njia. Mnara wa simu ulikuwa umeanguka. Nuh, kaka yake Kaaha, alikuwa huko na wanawake na watoto, akituma maandishi kwa redio yenye betri inayokata roho. Ishara yake ilikuwa nyembamba kama uzi. Kwenye masafa ya jirani, mfanyabiashara mmoja alinguruma bei za mbuzi. Redio hujipunguzia nguvu yenyewe inapomeza sauti kubwa kama hiyo, na mnong'ono wa jirani huzama. Hata kompyuta inayosoma maandishi haiwezi kuurudisha; ni kichujio tu kinachoizuia kelele isiingie.

"Kiko wapi?"

Mzee akatoa mfukoni kisanduku cha kiberiti, kichujio kikiwa ndani. Kaaha akakipokonya, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mkubwa wake, akakichomeka kichujio mahali pake. Bei za mbuzi zikatoweka. Herufi zikaanza kujipanga kwenye kioo cha kompyuta: TUKO MASHARIKI YA MAJI.

"Mashariki!" akamwambia Sugow, aliyekwisha kuingia mlangoni.

Sugow akamtazama mzee, akingoja neno lake.

"Hayo ni maandishi tu," Mowlid akasema. "Kwenye taar, habari bila sauti ya mwenyewe si habari. Nitajuaje ni Nuh?"

"Wallahi, abti! Umetuziba masikio, sasa unadai sauti? Betri yake haiwezi kubeba sauti! Haya, uliza. Swali moja, upesi!"

Mzee akafikiri. "Siku aliyozaliwa nilimtengea ngamia wa zawadi. Ngamia huyo anaitwaje?"

Kaaha akagonga vibonye kana kwamba anavipiga makofi. Wakangoja. Kisha: DHOOL. MGUU WA NYUMA MWEUPE. ABTI HARA

Herufi zikakatika hapo.

Mswaki ukamponyoka mzee. "Ni yeye," akamwambia Sugow. "Mashariki. Shika njia ya Bura, usiteremke Ijara. Kimbia!"

Lori likaondoka. Mowlid akabaki amesimama nyuma ya kiti cha mpwa wake.

"Kaaha, mwanangu…"

Kaaha hakugeuka. Alirudisha kifuniko, akakaza kila skurubu mpaka mwisho, kisha bisibisi ya mzee akaitia mkobani mwake.