Sahani ya Protais

Serikali ya nyumbani ilipotangaza kuwa itawalipa fidia watu waliofungwa wakati wa vita, mimi nilipata yangu bila taabu. Nilikuwa hai. Nilionyesha uso wangu kwenye simu, mtu wa tume ya fidia akauliza, nikajibu, basi. Kaka yangu Protais tulifungwa pamoja. Fidia yake ilikuwa ya mkewe, Dative, mradi tu Dative akubali kuwa yeye ni mjane.

Hapo ndipo tulipokwama.

Nilikuwepo Protais alipotolewa. Waliita jina lake mchana, akanitupia shuka lake akasema, "Nishikie." Hakurudi. Nilipotoka gerezani nilimweleza Dative hivyo hivyo, na yeye akashika neno hilo moja. Mtu anayesema nishikie anarudi. Alikaa nalo kwenye kambi ya wakimbizi, akaja nalo Stockholm, akamlea nalo mtoto hapa Hagsätra.

Tume ilijua kuwa wengi wetu hatuna makaburi. Ikasema kwamba pasipo cheti cha kifo itakubali ushahidi wa kanisa kuwa ukoo umeanua matanga. Kwetu matanga yakishaanuliwa mtu amekufa, hakuna mjadala tena.

Nilimfuata Dative nyumbani kwake.

"Mama Axel, mwisho wa kupeleka maombi ni mwezi huu."

"Pesa zao wakae nazo, shemeji."

"Achana na pesa. Wataandika kwamba walimfunga bure. Jina lake, na mhuri wao chini. Si ndicho ulichokuwa ukikitaka?"

Alikuwa akimenya ndizi za kupika. "Nataka waandike. Ila sitaki nimuue mimi ndipo waandike."

"Walishamuua, Dative."

Najua nilisema vibaya. Sijui njia nyingine ya kusema jambo kama hilo.

Axel, mwanawe, alizaliwa baba yake akiwa gerezani. Alikuwa amekaa pale mezani, akasema kwa Kiswidi, polepole, hata mimi nikamwelewa: "Mama, mimi nataka baba aliyekufa. Huyu anayechelewa nimemchoka."

Dative akaweka kisu chini. Kesho yake alinipigia simu, akasema nitafute ukumbi.

Tulipata ukumbi wa kanisa karibu na kituo cha treni. Walikuja Warundi wa hapa, wengine walitoka mbali huko Fisksätra. Bia hairuhusiwi mle, kwa hiyo matanga tuliyaanua kwa kahawa. Protais angecheka. Dative hakuwa na nguo nyeusi ya kuvua, maana hakuwahi kuivaa, basi wanawake walimvisha asubuhi akavua mchana. Nikasimama nikasema nilichopaswa kusema: ndugu yetu amekufa, tumemlia, sasa nyumba yake ipike na icheke. Dative aliitikia pamoja na wengine. Sauti yake niliisikia.

Kisha tukala. Chakula cha matanga huliwa chote pale pale, na marehemu hawekewi kitu. Ukimbakizia, maana yake unamsubiri.

Annick, katibu wa kanisa, alikuwa ameshaanza kuandika ushahidi wetu pale Okech alipotokea jikoni. Okech ni Mkenya, ndiye anayetunza funguo za ukumbi. Alikuwa amebeba sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

"Mama, hii ilikuwa dirishani," akamwambia Dative. "Kama haina mwenyewe, mimi nipo. Mmenishindisha njaa tangu asubuhi."

Alicheka peke yake. Chini ya kifuniko kulikuwa na maharage, ndizi, na kipande kizuri cha nyama.

Dative aliitazama ile sahani kama vile aliyeipakua ni mtu mwingine. "Sikukusudia," akasema. "Mkono umezoea."

"Kila jioni anampakulia baba," Axel akasema, kwa Kiswahili safari hii. "Asubuhi chakula hicho nilikuwa nakila mimi, kabla ya shule."

Annick akaweka kalamu chini. "Nitaandika nini sasa? Kwamba tumeanua matanga, na chakula chake hiki hapa?"

"Andika," nikamwambia.

"Siwezi, Ernest. Unajua siwezi."

Watu wakaanza kutafuta makoti yao. Dative alikuwa amekunja mikono kifuani, hamtazami mtu, na nikaona kwamba tukiondoka hivi hatatuita tena kamwe, si kwa tume wala kwa kitu chochote.

Nikaichukua sahani mkononi mwa Okech, nikaketi, nikala.

Maharage yalikuwa yamepoa na kugandana. Nilikuwa nimeshashiba. Nilikula huku Dative amesimama mbele yangu, na kila tonge alilifuata kwa macho kutoka sahanini hadi mdomoni. Nilipofika kwenye nyama mkono wake ulinyanyuka kidogo. Nilidhani atanizuia. Hakunizuia. Axel aligeukia ukutani, mabega yakitikisika. Nililia pia, lakini sikuacha kutafuna, maana ningeacha nisingeweza kuanza tena.

Nilipomaliza nikafuta sahani kwa kidole, kama tulivyofanya kule gerezani.

"Chumvi imetosha?" Dative akauliza.

"Imetosha, shemeji."

"Yeye alikuwa anapenda izidi."

Akaichukua sahani, akaenda jikoni. Tulisikia maji yakimwagika kwa muda mrefu. Kisha akaipanga pamoja na sahani za kanisa, na Annick akashika kalamu yake.