Migongo Iliyobaki Wazi

Hebu niambie, umewahi kuliona yai la chura likigawanyika? Mimi niliyeishia darasa la nne nimeliona, kwa Mwalimu Masuma wa mtaa wa Chumbageni, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena na mabomba yetu yakawa makavu siku nyingi.

Nilikuwa nikimfulia na kumpikia. Alifundisha elimu ya viumbe, na mezani karibu na dirisha alikuwa na hadubini kuukuu aliyoachiwa na babake. Masika hayo aliokota mayai ya chura mtaroni alfajiri, yakiwa bado kwenye ute wake, akayagawa mabeseni mawili. La kwanza alilitia maji ya mvua, yakamwishia. Kwa la pili akaniomba ndoo moja ya maji kutoka nyumbani kwangu, mtaa wa Nguvumali.

"Njoo utazame, Mama Semeni. Haling'ati."

Nikainama. Kijiyai cheusi juu, cheupe chini, kimejikata vipande viwili bila kisu. Nikaenda kupalia wali makaa, niliporudi vilikuwa vinne. Nilipomaliza kuanua nguo sikuweza tena kuhesabu. Jioni pakatokea kama kijimdomo upande mmoja, na seli zikawa zinaingia ndani humo polepole, kama watu wanaoingia msibani.

"Hapo mdomoni ndipo penye amri," mwalimu akasema. "Seli zote zina jeni zilezile, kama wote wamegawiwa kitabu kimoja. Lakini nani asome ukurasa gani? Hizi za mdomoni zinatoa ujumbe: ninyi kuweni mgongo, ninyi kuweni tumbo. Jirani anapokea, anampa jirani."

"Na asiyesikia?"

"Huyo hawi kitu." Akacheka. Mimi sikucheka.

Kesho yake nilimkuta ameshika kichwa. Katika beseni la mvua, kila kijidudu kilikuwa kimejikunja vizuri, mgongo umefunga kama mshono. Katika beseni la maji yangu, migongo ilikuwa wazi. Yote. Mifereji mirefu iliyoachama, na vingine havikuwa na mkia.

"Ni mayai ya mama mmoja," akasema. "Jeni zimo. Amri zilitoka, hazikufika. Kuna kitu majini kimeziba njia. Umeyateka wapi?"

"Bombani," nikasema.

Uongo ulitoka wenyewe. Maji yale yalikuwa ya pipa langu la buluu, nililonunua kwa Idarusi, mchuuzi wa vyombo. Aliapa lilikuwa la mafuta ya kula. Lakini karatasi ya ubavuni mwa pipa ilikuwa imekwanguliwa, na nilipoinamisha pua nilisikia harufu ya dawa ya kupulizia mimea. Nililisugua siku tatu, mchanga, majivu, ndimu, hata harufu ikaondoka. Na Semeni, mwanangu wa pekee, ambaye mumewe Mbarouk alikuwa Pemba, alikuwa akinywa humo tangu mfungo uishe, yapata miezi miwili, na mimba yake ya kwanza ilikuwa na miezi miwili.

Nikauliza kama wa kupitisha muda tu, "Kwa binadamu, mgongo unafunga lini?"

"Wiki ya nne. Wengi hata hawajajijua kama wana mimba. Baada ya hapo, kilichofunga kimefunga, na kisichofunga..." Akanitazama. "Kwani kuna nini?"

Nilitoka hata kanga ya pili sikuchukua.

Semeni alikuwa uani, kata mkononi, anakunywa. Nilimpokonya, nikalisukuma pipa likaanguka. Maji yakatanda mpaka kwa majirani.

"Mama! Umepagawa? Maji ya siku tano hayo! Sasa tutakoga mate?"

"Usinywe tena. Usinywe." Nikamweleza yote, mabeseni, mdomo, migongo. Alisikiliza huku mkono ukishuka tumboni.

"Ulijua lina dawa?"

"Nilisikia harufu."

"Ukaniambia la mafuta."

"Nilikwambia."

"Mbarouk ana kisima mlangoni kwake Pemba! Barua mbili kaleta, niende. Ukaandika huku kuna maji tele, ukasema mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Mama, mila hiyo ni ya mwezi wa saba! Mwezi wa pili ulinitakia nini?"

Maji yalikuwa yakinywewa na mchanga, yakiacha povu jembamba. Nilikuwa na majibu yangu tayari: mila, mashua za kwenda Pemba, hospitali iliyo karibu. Nilikuwa nimeyasema mara nyingi hata nikayaamini.

"Haikuwa kwa ajili ya mtoto," nikasema. "Nilikutaka wewe. Nilitaka usiondoke."