Kompyuta Yangu Ilivyofungasha Kuhamia kwa Zaina

Kabla sijasimulia nilichoota usiku wa jana, naomba lieleweke jambo moja: mimi, Mbelwa, sina wivu. Waulizeni wote pale stendi ya Korogwe. Wivu niligawiwa kidogo sana, na hicho kidogo nilikimaliza nikiwa darasa la tano.

Zaina ana duka la steshenari na mimi nina langu. Katikati yetu kuna ukuta wa plaiwudi, na kwenye ukuta kuna tundu tunalopitishiana stepla. Hivi karibuni Zaina amehamishia kompyuta zake zote kwenye Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Nilimcheka mbele ya watu. Nilisema Linux ni ya maskini waliokosa hata virusi vya kwao. Watu wakacheka sana, halafu wakaenda kuchapisha kwake. Maana flashi zao zikichomekwa kwangu, virusi vinageuza mafolda yote kuwa njia za mkato zisizofika popote. Zikichomekwa kwa Zaina, kila kitu kinaonekana kimekaa palepale kilipokuwa.

Jana hata Mwalimu Shemdoe, mteja wangu wa mitihani, mtu ninayemwekea kiti chenye mto, alichomoa flashi yake akasema anapita jirani mara moja. Hakurudi. Mto bado ulikuwa na shimo lake.

Sikuona wivu. Nilifunga duka tu, nikalala humohumo, kichwa juu ya meza, kulinda mashine ya fotokopi.

Naota niko dukani. Kompyuta yangu imesimama wima, inakunja waya wake na kuutia kwenye mfuko wa rambo.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Zaina," inasema, haioni hata haya.

"Hapa umekosa nini?"

"Hewa."

Naigeukia printa inisaidie. Printa inasema wino umeisha, na mambo ya mke na mume haiyaingilii. Naita programu yangu ya kuandikia, ile niliyopewa na rafiki wa rafiki. Imejificha nyuma ya rimu za karatasi, kofia imeivuta mpaka puani.

"Mimi usinihesabu," inanong'ona. "Nikivuka pale nitaulizwa nimetoka wapi."

Kompyuta inajipenyeza kwenye tundu la stepla, mfuko mkononi. Nami naifuata, natanguliza bega.

Upande wa pili hakuna duka la Zaina. Kuna mlango mweusi usio na kitasa, una jicho moja jeupe linalopepesa.

"Unajaribu au unahamia?" mlango unauliza.

"Kuna tofauti?"

"Anayejaribu, akiamka vyote vya huku vinafutika. Anayehamia, vinafutika vya kule alikotoka."

"Najaribu tu. Hata hivyo nilikuwa napita."

Mlango unafunguka. Ndani ni mnada, programu zimepangwa chini kwenye maturubai kama mitumba. Naokota moja ndogo ya kupigia muziki, inatosha mfukoni.

"Bei gani hii?"

"Bure," anasema muuzaji.

"Nipunguzie."

Muuzaji anakuna kidevu. "Hapo nitaumia, kaka. Nikishuka zaidi itabidi nikulipe."

Naichukua kwa shingo upande. Inapiga mluzi, na nyuma yake inajipanga foleni ya watu wenye mabegi.

"Hawa ni nani?"

"Shangazi yangu. Bila yeye siimbi. Yule ni mume wake, bila yeye shangazi haji. Wale wengine ni wa upande wa mume."

Shangazi ananiuliza chakula kinaiva saa ngapi.

"Na ya kuandikia iliyo nzuri ni ipi?" nauliza, kubadilisha mazungumzo. Ni kosa. Mnada mzima unasimama kugombana. Huyu anasema yake ni nyepesi, yule anasema hiyo ya mwenzake ni ya kuchezea watoto. Mzee mmoja anapiga kelele kutoka ndani ya programu yake kwamba hiyo ndiyo bora kuliko zote, ameingia humo akiwa kijana na mpaka leo anatafuta pa kutokea.

Nawaacha, kwa sababu nimeiona kompyuta yangu. Imekaa kwenye meza ya Zaina, juu ya mto wa Mwalimu Shemdoe, na mwalimu mwenyewe anaipepea kwa karatasi ya mtihani. Zaina anaigusa kidogo tu, inawaka. Palepale! Kwangu nikiiwasha, nakwenda kunywa chai na chapati, narudi nakuta bado inajifikiria.

Nasikia moto kifuani. Si wivu, ni plaiwudi iliyonikwaruza.

"Zaina, nirudishie kompyuta yangu."

"Mimi nimeifunga kamba? Iulize mwenyewe."

"Nitakutii," inasema kompyuta, "ukinipa nenosiri."

Natazama kushoto na kulia. Nenosiri hilo nililiweka wiki iliyopita nikiwa na hasira, nikaapa halitasikiwa na binadamu.

"Sema tu," Zaina ananiambia. "Huku nenosiri halionekani. Hata vinukta havitokei."

Nasema. Midomo inacheza, sauti haitoki.

"Umekosea," inasema kompyuta.

Narudia kwa nguvu. Kimya kabisa. Umekosea. Navuta pumzi, napiga ukelele mpaka mishipa ya shingo inasimama, na mnada mzima umetulia kama msibani, hausikii kitu.

"Hapo sawa," inasema kompyuta. "Unajaribu au unahamia?"

Namtazama mwalimu anavyopepea.

"Nahamia!" Nanyoosha mkono, nakamata flashi ya njano ya Linux iliyo mezani.

Nikaamka. Kumekucha, jua linapenya chini ya mlango. Kompyuta iko mbele yangu, imezimwa, lakini waya wake umekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa rambo. Mimi siku zote waya nauacha umezagaa.

Nikataka kuuinua mfuko nikashindwa. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umezama kwenye tundu la stepla mpaka begani, na ngumi iliyokuwa upande wa pili, dukani kwa Zaina, imefumbata kitu. Nikivuta, hairudi.

"Mbelwa," sauti ya Zaina ikaja kutoka ukutani, taratibu. "Hiyo flashi yangu ya Linux ungeiomba ningekupa. Achia kwanza, utavunja ukuta."

"Flashi gani? Mimi nilikuwa nanyoosha mkono."

"Na kelele zile?"

"Kelele gani?"

Mtu akakohoa upande ule. Nikakijua kikohozi kile. Nimekiwekea mto mwaka mzima.

"'Laiti ningekuwa Zaina,'" Mwalimu Shemdoe akarudia polepole, kwa sauti ya imla. "Nenosiri lako umelitamka mara tatu usingizini, kijana. Maneno yote yameunganishwa?"

Nikaachia flashi.

"Yameunganishwa, mwalimu," nikasema. "Z kubwa."