Fundi Yuko Chuoni

"Usifungue mlango!" Hana alipaza sauti kwenye maiki, na banda zima likaitikia, "Usifungue!" Msichana wa kwenye runinga akafungua.

Nyuma ya mlango alisimama Fundi. Hilo silo jina alilopewa na waliomtengeneza. Watu wa Itigi ndio waliombatiza hivyo tangu mkanda wa kwanza, kwa sababu alificha uso wake kwa kinyago cheusi cha mchomelea vyuma. Katika mkanda ule aliwamaliza watu wote wa shamba moja la ng'ombe, isipokuwa binti mmoja, steringi, yaani mhusika mkuu, aliyemsukumia kisimani akaenda zake. Watu walitoka siku hiyo wameridhika: steringi hafi, na adui kazama. Kumbe adui alijua kuogelea. Mkanda wa pili ulikuwa umeshuka na treni ya kutoka Dar es Salaam, umeviringishwa ndani ya kanga, na humo yule binti alikuwa ameanza masomo ya chuo, na Fundi alikuwa amemfuata huko huko.

Siku hiyo ilikuwa ya mnada. Waliouza mbuzi na waliokosa wanunuzi walikaa benchi moja. Banda lenyewe zamani lilikuwa ghala la ushirika. Ushirika ulipokufa na biashara kufunguliwa kwa kila mtu, Fabiano, aliyekuwa karani wa ghala hilo, alilikodi, akaziba madirisha kwa magunia, akafunga jenereta nje, akaanza kuonyesha video pale pale alipokuwa akipima alizeti za wenzake. Jua likiwa kali, sakafu bado ilinukia mafuta ya alizeti.

Fabiano ndiye aliyekuwa akitafsiri. Alisoma mpaka kidato cha pili. Kiingereza asichokijua alikitunga. Hana, mkewe, alikaa mlangoni akipokea viingilio na kuuza maandazi. Lakini tangu asubuhi malaria ilikuwa imemlaza Fabiano chini ya mablanketi mawili, meno yakigongana, na watu wa mnada walikuwa wameshajaa. Hana alifunga ndoo ya maandazi, akachukua maiki.

Yeye alikuwa na darasa la saba. Alisoma nyuso. Mtu akikunja kipaji, Hana alimwekea maneno ya mtu aliyekunja kipaji. Mtu akicheka, alimtafutia kichekesho. Alipoona madawati na ubao na vijana wengi wakiandika, alisema, "Hiki ni chuo cha ualimu," kwa sababu chuo alichowahi kusikia watu wa Itigi wakienda kilikuwa hicho. Alipoona vitanda viwili viwili, akasema, "Bweni la wasichana hili, mwaka wa kwanza." Na alipoonekana mzee mmoja getini, kichwa amekilaza mezani, Hana hakufikiri hata kidogo. "Na mlinzi ndiye huyo, amelala kama kawaida yao!"

Banda likacheka. Kila mtu alimjua mlinzi wa namna hiyo.

Lakini kucheka hakukudumu. Fundi alimpita mlinzi, akaingia bwenini, na Hana akajikuta anaongea kwa sauti ambayo hakuijua, sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mwenzake bila kutaka kumshtua. "Amka, dada. Amka. Yuko kwenye korido." Wanawake waliokuwa wakichungulia mlangoni waliingia ndani wakasimama ukutani. Mmoja alijifunika kanga usoni akaacha jicho moja. Katikati ya hofu hiyo Hana aliona kofia ya mzee Mughwai ikiinuka kwenye benchi la mbele na kutoka nje kabla mkanda haujafika mwisho. Akadhani anakwenda kujisaidia.

Asubuhi, Hana akiwa anamkanda mumewe kwa kitambaa cha maji, mlango ulipigwa hodi. Alikuwa Belinda, binti wa Mughwai.

"Shikamoo, dada Hana."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Sikai. Nataka kujua jana ulimwambia nini baba."

"Mimi? Jana sikuongea na baba yako."

"Uliongea naye kwenye maiki."

Belinda alikuwa msichana mrefu asiyejua kuzunguka na maneno. Alimaliza kidato cha nne, akachaguliwa chuo cha ualimu njia ya Mwanza, na Alhamisi ndiyo siku ya kupanda treni. Baba yake alikubali tangu mwanzo. Aliuza asali, akamnunulia godoro na ndoo. Jana jioni alirudi kutoka kwenye video, hakusalimia mtu, akalichukua lile godoro jipya na kulitandika kwenye kitanda chake mwenyewe.

"Akalala juu yake," Belinda alisema. "Nimemuuliza, baba, vipi? Anasema haendi mtu. Anasema huko mlinzi analala."

Hana aliweka kitambaa kwenye beseni. Fabiano, chini ya blanketi, alicheka cheko dogo lililoishia kwenye kikohozi. "Umetafsiri vizuri kuliko mimi," alisema.

Hana hakucheka.

Alimkuta Mughwai nyuma ya nyumba, amekalia kigogo, tezo mkononi, akichonga mzinga mpya. Kwa miaka mingi alikuwa mtu wa gengi la reli, akikaza boliti na kubadilisha mataruma ya chini ya reli kati ya Itigi na Kitaraka. Reli ilipopunguza watu, naye alipunguzwa, akarudi kwenye nyuki kama baba yake. Mkewe alifariki mwaka huo huo. Belinda ndiye mtoto wa mwisho. Wengine walishaoa na kuolewa mbali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuniuzia tiketi?"

"Nimekuja kwa ajili ya Belinda."

Mughwai alipuliza vumbi la mti lililojikusanya ndani ya mzinga. "Mwanangu halali kwenye nyumba ambayo mlinzi wake amelala."

"Baba, yule mlinzi nilimtunga mimi. Sijui kama ni mlinzi. Hata chuo kile sijui ni cha nini. Labda wanasomea kushona. Mimi Kiingereza sijui."

"Kwa hiyo mlitudanganya."

"Tulitafsiri."

Pembeni ya mdomo wa mzee pakatikisika kidogo, halafu pakatulia. "Mtu kuuawa nako ulikutafsiri? Yule mtoto alichomwa kisu nikiangalia kwa macho yangu."

"Basi njoo uangalie tena," Hana alisema. "Leo, kabla watu hawajaja. Mimi nitanyamaza."

Hakutegemea angekuja. Lakini jua lilipopinda, Hana akifagia banda, kofia ile ikaingia mlangoni. Mughwai alikaa benchi la mbele, mahali pale pale pa jana, mikono magotini. Hana aliwasha jenereta akaweka mkanda. Akakaa naye benchi moja, akiacha nafasi ya mtu kati yao.

Bila maneno ya mtu, mkanda ulikuwa kitu kingine. Wasichana walitembea wakiwa wamekumbatia madaftari. Walikula kwenye ukumbi mkubwa, trei mikononi. Mmoja alimfundisha mwenzake jambo kwa kuchora juu ya meza kwa kidole.

"Anasemaje?" Mughwai aliuliza.

"Sijui, baba."

"Na huyo?"

"Naye sijui."

Walifika bwenini. Fundi akainua kisu, msichana akaanguka. Hapo Hana alisimama, akabonyeza kitufe, akaurudisha mkanda nyuma picha zikionekana. Kisu kilitoka mwilini kikiwa kisafi. Msichana aliinuka sakafuni kinyumenyume, akarudi kitandani, akakaa, kitabu kikamrukia mikononi, akaendelea kusoma.

"Umeona?" Hana alisema. "Ni mchezo. Yule dada yuko kwao hivi sasa, anakula."

Jenereta liliendelea kunguruma nje. Mughwai alivua kofia, akaiweka kwenye ile nafasi iliyokuwa kati yao.

"Unadhani mimi mjinga, binti yangu?"

"Hapana, baba."

"Nimeokota watu relini. Mlevi aliyelala kwenye mataruma. Mama mmoja na mzigo wake wa kuni. Damu naijua. Haing'ai vile. Inaingia kwenye kokoto upesi, ukigeuka unakuta pameshakuwa peusi." Alipangusa magoti yake ingawa hayakuwa na vumbi. "Hata jana nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Kwenye runinga Hana alikuwa amemgandisha msichana na kitabu chake, mstari wa chenga ukimkata kiunoni.

"Mtu ukisema unaogopa muuaji," Mughwai alisema, "watu wanakuelewa. Wanakuambia, kweli mzee, dunia imeharibika. Ukisema unaogopa kufungua mlango wa nyumba yako jioni ukakuta jiko halina moto..." Aligeuza viganja juu, vikiwa vitupu. "Maneno gani hayo ya mwanaume kusema?"

Hana alikuwa amekuja na hoja zake zimepangwa; hoja za visu na walinzi. Zote zilimwishia. Akajikuta anasema jambo ambalo hata Fabiano hakuwahi kumwambia lote.

"Mimi kwetu Rungwa," alisema. "Nilifaulu darasa la saba. Baba akaniambia siwezi kwenda, njiani kuna simba. Ni kweli walikuwepo, baba, Rungwa kuna simba. Lakini kaka yangu aliipita njia hiyo hiyo mpaka akamaliza shule."

"Ulimuuliza baba yako?"

"Sikumuuliza. Nilimpikia. Mama alikuwa ameshaondoka, nikampikia miaka yote mpaka alipofariki. Na kila nikimtengea chakula, alikula ameinamia sahani. Hakuwahi kuniangalia usoni. Mimi nilidhani ameudhika na mapishi yangu." Alizima runinga. "Mpaka leo nikisonga ugali mikono yangu inakuwa na hasira. Mume wangu anakula tu, hajui."

Mughwai alivaa kofia yake. Alisimama kwa shida, kama watu waliobeba vyuma maisha yao yote wanavyosimama, akaenda mpaka mlangoni. Hana alingoja aseme neno. Alichosema ni, "Jenereta lako linatoa moshi mwingi. Safisha plagi," akatoka.

Fabiano alipopata nafuu kidogo aligomba. Petroli imechomwa bure kwa ajili ya mzee mmoja ambaye hata kiingilio hakutoa. Isitoshe mkewe amekwenda kuvunja uchawi wa biashara kwa kumwonyesha mteja maiti akifufuka. Hana alimsikiliza akiwa anachekecha unga. Alipomaliza, akamwambia, "Kunywa dawa yako," naye akanywa.

Jumatano Fabiano alishika maiki mwenyewe, sauti imekwaruza. Alipofika bwenini akaanza kuwaigiza wasichana kwa sauti yake ya pua, watu wakapiga mabenchi wakimdai Hana. "Mama yuko wapi? Tunamtaka mama!" Fabiano alivumilia kidogo, kisha akanyoosha maiki kuelekea mlangoni bila kumtazama mkewe. Hana alifuta mikono, akaja. Kuanzia siku hiyo walitafsiri wawili, na Hana akawa na tabia moja iliyowachekesha wengi. Mtu akiongea sana kwenye mkanda na uso wake usisomeke, Hana alisema wazi, "Hapa sijui anasema nini," na kunyamaza. Fabiano alidhani watu watadai hela zao. Hawakudai. Walisogeza vichwa mbele, kila mmoja akajaribu kuusoma ule uso mwenyewe.

Alhamisi treni ilichelewa, ikaingia mchana wa jua kali. Hana alikuwa stesheni na ndoo yake ya maandazi, akikimbia chini ya madirisha pamoja na wauza kuku na wauza asali. Ndipo alipomwona Belinda, amesimama mlangoni mwa behewa la daraja la tatu, akivuta kwa mikono miwili godoro lililokunjwa na kufungwa kamba ya katani. Upande wa chini, akilisukuma kwa bega, alikuwa baba yake. Godoro lilikwama. Abiria walitoa ushauri wa kila namna. Mughwai aliwafokea wote wanyamaze, kwamba behewa analijua yeye, akaliinamisha, likaingia.

Hana hakusogea karibu. Aliona Belinda akitoa kichwa dirishani na kusema jambo. Aliona mzee akiitikia kwa kichwa, halafu akaitikia tena ingawa mtoto alikuwa ameshamaliza kusema. Kwa umbali ule, na kwa kelele za wachuuzi, maneno hayakusikika. Filimbi ikapigwa. Mughwai alitembea sambamba na dirisha mpaka mwisho wa jukwaa, hakupunga mkono, akasimama akiangalia chini, kwenye mataruma, kama anayekagua kazi ya waliobaki kazini.

Jumamosi iliyofuata Hana alipita sokoni kutafuta hamira. Mughwai alikuwa kwa mama muuza vyombo, amechuchumaa mbele ya masufuria yaliyopangwa juu ya turubai. Alilichukua moja kubwa, akaligonga kwa ukucha, akalirudisha. Akachukua dogo, akaingiza ngumi yake ndani kama anayepima, akaitoa, akaingiza tena.

"Mko wangapi nyumbani, mzee?" mama muuza vyombo alimuuliza. "Nikuchagulie."

Mughwai alilinyanyua lile dogo juu, akalielekeza kwenye jua, akawa anachungulia ndani yake polepole, akilizungusha, kutafuta kama lina tundu.